Gari Lililoinamia Kulia

Mkitaka kuniita mwongo niiteni, nimeshazoea, na zipo siku nilistahili. Lakini hili la Delbert Stamper sikulitunga. Kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na kijito tu, huko Coaly Branch, milima ya mashariki ya Kentucky, na mengine nimeyasikia kwa kinywa chake mwenyewe, tumekaa juu ya ndoo tulizozipindua, tunakunywa kahawa. Kama katika bonde lile kulikuwa na mtu aliyejua magari kunishinda mimi, ni yeye peke yake. Na hilo silikubali mbele ya kila mtu.

Basi. Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi, jua zuri, majani ya milimani yameshakuwa mekundu, Delbert alikuwa uani analifuta gari lake kwa kitambaa laini. Gari la mwaka 1970, milango miwili, rangi ya kijani iliyokoza, injini ya mitungi minane inayonguruma mpaka vikombe vinahama kabatini. Kiwanda sikitaji. Wale wana mawakili. Kwenye kioo cha mbele alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: LINAUZWA. NAMBA ZOTE ZINASOMANA.

Hilo neno la mwisho ndilo roho ya watu wa magari ya zamani kule. Gari linaweza kung'aa ukajinyoa ndevu kwenye mlango wake, lakini kama injini siyo ileile iliyozaliwa nayo kiwandani, namba iliyogongwa kwenye chuma ikakataa kusomana na ya bodi, watakucheka mpaka uliuze kwa aibu. Delbert alikuwa fundi wa mitambo ya mgodi wa makaa miaka thelathini na moja. Alipostaafu alinunua bodi tupu, nyeusi kwa moto wa zamani, kutoka kwa mpwa wa ukoo wa Ratliff. Kisha akatumia miaka sita kutafuta viungo vyake, kimoja baada ya kimoja.

Na alivipata. Injini ilikuwa kwenye banda la kukaushia tumbaku, wilaya ya pili. Gia boksi ilikuwa chini ya sakafu ya kanisa. Ekseli ya nyuma aliikuta kwenye kibanda cha kisima kisichotumika, na kiti cha abiria kwenye dari ya mzee mmoja kipofu. Ajabu ni kwamba hakuna kilichokuwa na kutu. Kila kimoja kilipakwa mafuta, kikaviringishwa kwenye blanketi la viraka, kikafungwa kwa kamba kama maiti. Na kila nyumba walimkatalia kwanza.

"Tuliambiwa tusikitoe," yule kipofu alimwambia.

"Mliambiwa na nani, mzee wangu?"

Kipofu alifikiri sana. "Simkumbuki tena. Tuliambiwa tu."

Delbert akacheka. Akampelekea paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na mbwa wa kuwindia juu yake. Kiti akaondoka nacho.

Mwezi wa Agosti alikaza bolti ya mwisho ya kiti kile. Jumapili yake akampakia mkewe, Oleta, wakaenda mkutano wa kanisa, ule wa kula chakula nje kwenye meza ndefu. Oleta alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, wa kanisa lile kali la wanawake wasiokata nywele wala kuvaa hereni. Njiani, walipofika juu ya mlima, alinyamaza ghafla.

"Delbert, punguza."

"Unaogopa mwendo, bibie?"

"Hapana. Nani amenipakata?"

Delbert alidhani ni utani. Lakini toka siku ile Oleta alishikwa na baridi isiyotoka. Alivaa sweta jikoni, oveni inawaka. Madaktari walipima damu, mapafu na moyo, wakamwambia hana kitu. Alichosema yeye ni neno moja tu, kila jioni, bila kupiga kelele: "Liondoe lile gari, mzee wangu." Naye kwa kiburi chake cha miaka sita akapiga chenga wiki nane. Siku Oleta aliposhindwa kupanda ngazi tatu za barazani, ndipo akabandika karatasi.

Kwa hiyo asubuhi ile hakuwa anafuta gari. Alikuwa anamfukuza mgeni kwa adabu.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Columbus, daktari wa meno mwenye viatu safi mno kwa uani kwetu. Alikuja na tochi na kioo kidogo cha mpini, kilekile cha kazini kwake, akalala chali kwenye majani akaanza kusoma namba. Ya injini. Ya gia boksi. Ya ekseli. Kila akisoma moja anaguna kama mtu anayekula kitu kitamu.

"Bwana wee! Zinasomana zote. Unajua umefanya nini hapa?"

"Nadhani najua," Delbert alisema, kifua mbele.

"Washa nilisikie. Lakini mwambie mama ashuke kwanza, tusimpigie makelele."

"Mama yupi?"

Daktari akatazama kioo cha upande wa kulia, wanakokaa abiria kwa magari ya kule. Akatazama tena. Akasimama, akajifuta majani magotini.

"Nilidhani kuna mtu. Niliona mkono umewekwa dirishani. Kidole cha kati kina plasta."

Hakutaka kulisikia tena gari. Alisema atapiga simu, nasi tunajua maana yake.

Delbert aliingia ndani. Oleta alikuwa mezani anamenya tufaha. Kidole chake cha kati kilikuwa na plasta. Alijikata asubuhi ileile, nusu saa kabla mgeni hajafika.

Fundi haamini mambo ya kusikia, anaamini futi kamba. Jumatatu Delbert aliona gari limelala kidogo upande wa kulia. Akapima toka ukingo wa bodi mpaka juu ya taili: kulia pungufu nusu inchi. Akabadilisha spring. Jumatano pungufu inchi moja. Akabadilisha tena, akaweka nzito zaidi, za gari la mizigo. Ijumaa, inchi moja na nusu.

Jioni ile alimbeba Oleta toka kwenye kiti mpaka kitandani, maana magoti yalikataa. Alijiandaa kwa uzito anaoujua wa miaka thelathini na minne, akajikaza kiuno, akamnyanyua.

Nusura amrushe darini.

Alikuwa mwepesi. Hakukonda, mashavu yalikuwa yaleyale, mikono minene ileile. Mwepesi tu, kama kapu tupu. Alipomlaza, godoro halikubonyea.

"Delbert," Oleta alinong'ona, "mbona unalia?"

"Silii. Vumbi."

"Kuna kitu kinanivuta taratibu. Hakiumi. Hicho ndicho kinachonitisha."

Jumapili walikuja mtu na mkewe toka Knoxville. Mwanaume alizunguka gari anapiga miluzi. Mke, Bi Verna Pruitt, hakusogea. Alisimama hatua tano, amekumbatia mkoba wake, kisha akamvuta Delbert mkono wa shati.

"Kaka, samahani. Yule dada anaumwa?"

Delbert hakuuliza dada yupi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Amevaaje?"

"Sweta la kijivu. Kifungo cha pili hakipo. Nywele ndefu, amezisuka. Ila usoni..." Bi Verna akaukaza mkoba wake kifuani. "Uso haujakaa sawasawa bado."

Bado. Neno hilo lilimwingia Delbert kama msumari. Alimwacha mgeni palepale, akapanda ngazi. Oleta alikuwa amelala na sweta la kijivu. Kifungo cha pili hakikuwepo.

Sasa angeuza hata kwa shetani. Alishusha bei nusu, akaliweka kwenye mtandao na picha za namba zote. Kabla ya saa moja kupita, mtu wa Arizona alipiga simu. Hakutaka kuja kuliona. Namba zilimtosha. Atatuma lori la trela Jumanne, saa nane mchana. Delbert aliweka simu chini, akakaa sakafuni, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumanne asubuhi kiherehere kilimshika. Alitaka kujua jambo moja kabla gari halijaondoka: Oleta atapona vipi, upesi au polepole? Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Maudine Ratliff, mkubwa wa ukoo ule uliomuuzia bodi, miaka themanini na sita, yuko nyumba ya wazee mjini, saa nzima kwa barabara ya milimani. Saa tano alikuwa mbele yake. Kikongwe alikuwa anapanga karata peke yake, na miwani ya jua usoni humo ndani.

"Ndiye wewe fundi hodari?" alisema bila kuinua kichwa. "Nilisikia. Nikasema, huyo mtu ana mikono mizuri na kichwa cha boga."

"Bibi Maudine, mke wangu..."

"Amekuwa mwepesi."

Delbert akavuta kiti, akaketi.

"Dada yangu Wilma, aliyekuwa hatoki nje bila rangi nyekundu ya mdomo, alizikwa na wabebaji wawili," Maudine alisema. Karata zilisimama mkononi. "Jeneza la mbao za mwaloni, Delbert. Wawili, na mmoja wao alikuwa na henia."

Gari lilikuwa la Hobart, mume wa Wilma, alilinunua jipya. Lilikuja hivyo au liliingiwa njiani, hakuna aliyejua. Wilma alikaa kiti kile msimu mmoja wa kiangazi, akaanza kuondoka kidogo kidogo.

"Kwa nini hamkuliuza?" Delbert aliuliza.

Kikongwe akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tuliliuza! Ndilo kosa letu. Mnunuzi akakabidhiwa ufunguo na karatasi, akaondoka anapiga honi. Wilma akakata roho kabla gari halijavuka daraja la pili. Tuliliuza na yeye ndani, mpumbavu wewe. Ukimpa mtu gari unampa na kilichomo." Akashusha sauti. "Wiki moja baadaye yule mnunuzi alilirudisha. Akaliacha getini, hakudai chochote. Tukalichoma. Likaungua rangi tu. Ndipo kaka zangu wakalifungua vipande, kila nyumba kipande, lisiwe kitu kizima tena. Likiwa zima linakula. Na wewe ukaenda ukalikusanya, ukaliandikia na tangazo kwamba limetimia."

Delbert alikuwa ameshafika mlangoni. Mezani kwa mhudumu aliinyakua simu bila kuomba. Iliita mara nyingi. Ikapokelewa.

"Oleta! Usimpe mtu ufunguo. Umenisikia? Akija yeyote mwambie..."

"Nimeshampa." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Amewahi kufika, mzee wangu. Nimesaini kadi ya gari pale kwenye jina langu. Wewe ulishasaini. Nimefurahi sana. Limeondoka."

"Lini?"

"Sasa hivi." Akahema. "Delbert, mbona nasikia upepo wa barabarani?"

Kisha kitu kikaanguka. Simu haikukatika. Ndani yake, toka chumbani kwake ambako mke wake alikuwa kitandani na madirisha yamefungwa, Delbert alisikia matairi yakizunguka juu ya lami.

Sitawaeleza alivyoendesha ile pikapu yake. Mimi mwenyewe, ninayejulikana kwa mwendo, singethubutu kona zile. Alijua jambo moja: toka kwetu kwenda barabara kuu njia ni hiyohiyo moja, lori na yeye lazima wakutane uso kwa uso. Na kabla ya barabara kuu kuna daraja la chuma, na kabla ya daraja kuna uwanja wa changarawe. Madereva wa trela husimama pale kukaza upya mikanda ya mzigo, maana mzigo ukishatembea maili chache hulegea.

Alivuka daraja. Lori lilikuwepo uwanjani, pua imeelekea darajani. Gari la kijani juu ya trela, boneti inawaka jua la mchana. Dereva, pande la mtu anayeitwa Royce, alikuwa ananing'inia kwenye kamba ya kukazia, jasho linamtoka.

"Wewe ndiye muuzaji?" alifoka. "Mzee, hili gari lako lina nini? Nikikaza, linalala. Nikikaza, linalala. Angalia, limekaa juu ya taili! Na mwambie mkeo ashuke. Hairuhusiwi abiria juu ya trela. Nimemwambia mara mbili ananitazama tu."

Delbert akapanda. Akachungulia kioo cha kulia. Hakuona mtu. Kioo kilikuwa kimefuka mvuke kwa ndani, pale penye pumzi ya mtu aliyekaa. Mvuke ukapungua. Ukaja. Ukapungua tena, na safari hii ulichelewa kurudi.

"Oleta, ningojee," alinong'ona. "Ningojee kidogo tu."

Alichukua soketi na spana kwenye pikapu, akajipenyeza chini ya gari, zinakotokea bolti za kiti. Bolti za kiti alizifunga yeye. Anajua alizikaza kwa nguvu gani. Ya kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea. Soketi ikateleza ikamchuna ngozi ya vidole vinne. Bolti zilikuwa kama zimeota pale, hazina hata mstari kati yake na chuma.

"Shuka, mzee!" Royce alimshika mguu. "Gari si lako tena. Nina karatasi zenye saini!"

"Mke wangu anakufa humu!"

"Basi afunguliwe mlango!"

"Fungua basi! Fungua wewe!"

Royce akavuta mlango wa kulia kwa nguvu za mtu anayefungua makontena ya meli. Akavuta tena. Akaachia, akajitazama kiganja. Kilikuwa cheupe kwa baridi.

"Yesu," alisema.

Pumzi kwenye kioo ilikuwa imebaki ndogo kama sarafu.

Limekuwa zima. Ndivyo Maudine alivyosema. Likiwa zima linakula. Na hakuna bolti itakayokubali kutoka. Delbert alisimama na spana mkononi, damu inadondoka, na ndipo akajua ni kitu gani pekee ambacho hakikufungwa kwa bolti.

Akafungua boneti. Akatoa patasi ya chuma na nyundo. Pale mbele ya injini, kwenye sehemu laini pana kama vidole viwili, namba ilikuwa imegongwa, ile aliyoitafuta miaka sita, aliyoipiga picha na kuionyesha kanisani. Royce naye alikuwa mtu wa magari. Alipoona patasi imewekwa juu ya namba, akapiga ukelele ambao hakuupiga hata kwa ule mlango.

"Hapana! Utaliua! Mzee, hilo halirudi tena!"

Delbert akapiga.

Gari likashtuka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Royce, lakini injini ilijizungusha mara moja, nzito, kama mtu anayegeuka usingizini. Akapiga tena. Tarakimu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Feni ikazunguka ikamkata mkono wa shati. Ya tatu. Alikuwa analia na kupiga, analia na kupiga, vipande vya chuma vinamrukia usoni. Ya tano. Ya sita.

Ya mwisho.

Kimya. Hata mto chini ya daraja ulikuwa kama umenyamaza. Kisha upande wa kulia wa gari ukainuka, taratibu, mikanda ikilia kwa kukazika.

Mlango wa kulia ukafunguka, upana wa kiganja. Ukajifunga.

Kisha ukafunguka tena. Ukajifunga.

Royce aliketi kwenye changarawe. "Umeona?" aliuliza. "Mzee, umehesabu?"

Delbert hakuwepo. Alishaingia kwenye pikapu.

Alimkuta Oleta sakafuni jikoni. Amekaa chini, miguu imenyooshwa, anahema, mkononi ana mkate wa mahindi ameuuma pande mbili. Delbert akamtia mikono kwapani amnyanyue. Alishindwa. Akajaribu tena, mgongo ukalia, wakaanguka wote wawili, na yeye akawa anacheka chini ya uzito wa mke wake kama mwendawazimu.

"Niache, mzee mzima unanivunja mbavu," Oleta alisema. "Nina njaa. Kuna maharage?"

Mtu wa Arizona alilikataa gari. Lisilosomana hakulitaka hata bure. Safari hii bolti zililegea kwa mkono, na mimi mwenyewe nilisaidia kufungua, kwa hiyo msiniulize nilijuaje. Tulivipeleka vipande mbali kuliko zamani, kwa watu wasiofahamiana, na kila mmoja tulimwambia sababu, na tukamwandikia.

Oleta alipona. Baridi iliisha, kicheko kilirudi, ngazi akawa anazipanda anaimba. Mwezi mzima Delbert hakuona kasoro.

Ila asubuhi moja alipotoa vyombo mezani, aliona kikombe cha kahawa cha mkewe kina alama ukingoni. Alama ya rangi ya mdomo. Nyekundu, ya kung'aa, mikunjo yote ya mdomo imejichora, mdomo mdogo, mwembamba. Oleta hajapaka rangi ya mdomo tangu abatizwe akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amekaa palepale, anasoma Biblia, midomo yake minene, mikavu, haina kitu.

Delbert aliosha kikombe.

Kesho yake akakiosha tena. Na hivi ninavyowaambia, ndiye anayeosha vyombo vya asubuhi nyumba ile, upesi, kabla Oleta hajaangalia.